Ushauri wakuu: .30-06 ninayojazia risasi mwenyewe, bolti ngumu, na msimu wa kulungu uko mlangoni

Mlandege
Wakuu salaam. Niko California, bunduki ni ya risasi za .30-06, ya bolti (komeo la mkono linaloingiza na kufungia risasi), mtutu wa sentimita 56. Risasi najaza mwenyewe. Shabaha imetulia mno, risasi tatu kwa mita 100 zinagusana. Tatizo bolti inakuwa ngumu, nahisi dai langu, ile kalibu ya chuma ya kwenye presi ya kurudishia maganda umbo, limechoka. Ninunue dai jipya la ganda zima, au la shingo tu linatosha? Ukanda A wa uwindaji unafunguliwa Jumamosi ya pili ya Agosti na risasi 100 nimeshazijaza, zimo kwenye masanduku. Muda wa kuanza upya sina. Naombeni msaada wa haraka.

Binti Ruaha
Chukua la ganda zima. Dai la shingo tu halifai kwa bunduki ya kuwindia, porini risasi lazima iingie chemba (chumba cha risasi nyuma ya mtutu) bila ubishi hata ikiwa na vumbi. Ila usilikaze dai ukaamini limejipima lenyewe. Pima bega la ganda (pale linapoanza kukonda kuelekea shingo) lililopigwa kwenye bunduki hiyo hiyo, kisha shusha dai kidogo kidogo mpaka bega lirudi nyuma milimita 0.05. Ukilisukuma zaidi ya hapo, ganda linavutika kila unapopiga, linakonda juu kidogo ya kitako, na mwisho linakatika vipande viwili ndani ya chemba. Chukua klipu ya karatasi, ikunjue, pinda ncha yake, ipitishe ndani ya ganda ikikwaruza ukuta. Ukihisi imenasa kwenye kimfereji karibu na kitako, tupa hilo ganda.

Na urefu upime. Ganda la .30-06 mwisho wake 63.35 mm, ukikata rudisha 63.1. Likizidi, mdomo wake unabanwa mwisho wa chemba, unashindwa kuachia kichwa (kipande kinachoruka), presha inapanda.

Fundi Maganda
Kabla hajanunua chochote ajibu kwanza. Bolti ngumu wakati gani, kufunga au kufungua? Kama inagoma kufunga risasi mpya, basi ni bega halijarudi, au ganda refu, au kichwa kimekaa mbele mno. Kama unafunga vizuri halafu baada ya kupiga mkono wa bolti hauinuki kirahisi, dai halihusiki. Hapo ganda limetanuka kupita kiasi na limeganda kwenye chemba. Presha hiyo.

Taja kichwa na uzito wake, ganda la kampuni gani, fataki gani (kiwashio cha kwenye kitako), urefu wa risasi nzima, na kasi kama una kronografu, kile kipima kasi. Kiasi cha baruti usikiandike hapa, kuna mtu atakinakili akakitie kwenye bunduki yake.

Mwana wa Nyeri
Kenya tulipiga marufuku uwindaji 1977 na hatujapungukiwa na kitu. Mnyama ana haki ya kuishi. Na mlioko nyumbani, Kenya na Tanzania zote, kutengeneza risasi bila leseni ni jela, msije mkasoma uzi huu mkaanza kuchokonoa baruti vyumbani. Wewe uliye huko, duka lipo na risasi za kiwandani zipo. Haraka ya nini?

Mlandege
Nyumbani sitetei, huku ni halali. @Fundi Maganda, ni kufungua. Si zote, labda moja katika nne. Fataki zimelala bapa kidogo na kitako cha ganda moja kina alama inayong'aa, duara dogo. Kasi ni mita 880 kwa sekunde, kitabu cha vipimo vya baruti kinasema 850. Lakini kitabu nimekifuata, kipimo kikubwa kabisa sijakifika, nimebaki greini moja (kama gramu 0.065) chini yake. Na shabaha ndiyo hiyo nimewaambia, sioni sababu ya kuivuruga.

Fundi Maganda
Fataki bapa peke yake si ushahidi, zipo fataki laini zinalala hata kwa presha ya kawaida. Hilo duara ndilo la kuogopa. Pale kwenye uso wa bolti kuna kitundu cha pini inayotupa ganda. Shaba nyeupe ya ganda imesukumwa ikaingia kwenye kitundu, ulipozungusha bolti ikakwanguliwa ikabaki inang'aa. Mpaka kitako kifikie kutiririka hivyo, umeshapita mbali. Ukomo wa .30-06 ni pauni 60,000 kwa inchi ya mraba, na hilo duara kwa kawaida hutokea ukiwa umeshaupita.

Halafu kasi. Vitabu vingi hupimia mtutu wa sentimita 61, wako ni 56. Mtutu mfupi ukikupa mita 30 zaidi ya kitabu, hizo mita zimelipiwa na presha, hakuna njia nyingine. Kichwa hujakitaja.

Mlandege
Greini 165. Uzito ule ule niliokuwa natumia miaka yote bila shida.

Binti Ruaha
Uzito tumeusikia. Kimetengenezwa kwa nini? California tangu 1 Julai 2019 huwindi mnyama yeyote na risasi yenye madini ya risasi, jimbo zima, hasa kwa ajili ya kondori, ndege wakubwa walao mizoga, wanaokula matumbo yanayoachwa porini wakameza vipande. Kwa hiyo wewe sasa unapiga shaba tupu. Ukurasa wa kitabu uliofuata ni wa kichwa hicho cha shaba, au ule wa zamani?

Mlandege
Ni shaba tupu, ndiyo. Ukurasa ni wa 165 ya kawaida. Uzito ni uzito, baruti inasukuma greini 165 hata zingekuwa za dhahabu. Na vile vya shaba ni ghali, siwezi kuvimaliza kwa majaribio.

Fundi Maganda
Hapo ndipo ulipo ugonjwa. Madini ya risasi yana gramu 11.34 kwa sentimita moja ya ujazo, shaba 8.96. Uzito ukiwa sawa na kipenyo kile kile cha 7.82 mm, kichwa cha shaba hakina pa kuongezeka ila urefu. Ukikikalisha urefu wa risasi ule ule wa zamani, kinazama ndani ya ganda na kula nafasi ya baruti. Nafasi ikipungua kwa kipimo kile kile, presha inapanda.

Tena shaba tupu haibonyei kirahisi. Kichwa cha zamani kina gamba jembamba la shaba na moyo laini wa madini ya risasi, mifereji ya mtutu inakichonga bila shida. Cha shaba kinapinga. Ndiyo maana watengenezaji wake huweka mifereji midogo kiunoni, ili shaba inayosukumwa ipate pa kukimbilia, na wanataka kiachwe mbali na mifereji ya mtutu, kama 1.3 mm, kiwe na mwendo kabla ya kuingia.

Kobe Mkongwe
Wakuu mnatiririka bure, hii chai. Kwa urefu wa kitabu, 84.84 mm, kichwa cha shaba chenye ncha ndefu kwenye bunduki ya kiwandani kwa kawaida hakigusi mifereji, koo la mtutu wa .30-06 ni refu. Kuzama kidogo ndani ya ganda, tena greini moja chini ya ukomo, hakuleti alama ya pini. Ama hana bunduki, ama hiyo kasi ameiokota mahali. Mkuu, weka picha ya hilo ganda.

Binti Ruaha
Mimi siiti chai, ila Kobe ana hoja. Hesabu haifiki. Mlandege, urefu wa risasi nzima uliulizwa na Fundi toka mwanzo na hujajibu.

Mwana wa Nyeri
Kumbe tumebishana na mtu wa kutunga?

Mlandege
Sitengenezi hadithi mimi. Urefu ni 86 mm. Magazini yangu inazipokea bila kukwama. Nilivuta kichwa mbele kwa makusudi mpaka kiguse mifereji, maana risasi ikianza ikiwa imeegemea inaenda sawa na mhimili wa mtutu. Wapiga shabaha wa mashindano wanafanya hivyo, na matokeo mmeyaona.

Kobe Mkongwe
Basi si chai. Ni hatari.

Fundi Maganda
Sasa hesabu imefika. Wapiga shabaha wanaoegemeza huanza kutafuta kipimo wakiwa tayari wameegemeza, kutoka chini, na vichwa vyao vina moyo laini. Wewe umechukua kipimo cha kichwa kinachoruka hewani kidogo ukakitia kwenye kichwa kigumu kilichobanwa. Gesi inajazana wakati kichwa bado kimesimama. Na kupima ulipima lini?

Mlandege
Februari, asubuhi.

Fundi Maganda
Na Agosti bara ya California nyuzi 38 ni kawaida. Baruti nyingi huwaka kwa kasi zaidi zikipata joto. Risasi inayogoma moja kwa nne kwenye baridi, iliyolala chemba wakati bunduki imekaa juani, itagoma zote, au fataki itatoboka na gesi ikurudie usoni.

Zivunje. Presi yako inakubali kivutio cha kichwa chenye koleti (pete inayobana pande zote), kinabana kichwa bila kukikwaruza, kwa hiyo vichwa vyako vya ghali hupotezi hata kimoja. Baruti irudishe kwenye kopo lake kama una hakika ni ya kopo hilo na mezani hapakuwa na kopo lingine. Ukiwa na shaka, imwage. Maganda uliyokwisha kuyapiga, sukumia fataki mpya kwa mkono. Ikiingia bila kupinga, kitundu kimelegea, tupa.

Safisha mtutu kwa dawa ya kuondoa shaba mpaka kitambaa kitoke bila ubuluu, utando wa vichwa vya zamani unaharibu shabaha ya vipya. Kisha tafuta vipimo vya mtengenezaji wa kichwa hicho hicho, viko bure mtandaoni kwake. Anza na kile cha chini kabisa, kichwa 1.3 mm nyuma ya mifereji, panda nusu greini kwa nusu greini, tatu za kila kipimo, kronografu ikiwa mbele. Kasi ya kitabu au kipimo chake cha juu, kimojawapo ukikifikia, umefika, hata kama ganda bado safi. Hapo piga kumi kwenye karatasi moja, maana tatu zinazogusana zinaweza kuwa bahati tu.

Binti Ruaha
Usiogope kushusha kasi. Shaba inahitaji mwendo ili ifunguke, mtengenezaji huandika kiwango cha chini, wengi ni karibu mita 550 hadi 600 kwa sekunde. Ukianza na 820 tu, kwa kulungu wa mita 200 bado una akiba kubwa.

Mlandege
Nimewaelewa. Ila masanduku mawili nilipunguza nusu greini, na hayo hayajawahi kugoma. Hayo nibaki nayo kwa siku ya ufunguzi, mengine nivunje?

Fundi Maganda
Hayo nayo ni 86 mm?

Mlandege
Ndiyo.

Fundi Maganda
Yavunje. Na usijaribu kuyaokoa kwa kuvisukuma vichwa ndani kwenye presi bila kugusa baruti, utaondoa mbano wa mifereji ukarudisha ule wa nafasi. Mia moja kwa koleti ni kazi ya jioni moja. Kwa ufunguzi nunua sanduku moja la kiwandani la shaba, angalia limeandikwa halina madini ya risasi, rekebisha darubini kwa risasi hizo, na za kwako zifanyie kazi bila presha ya kalenda.