Tupeane uzoefu: raba zenye kisigino kilichoinuka zimekusaidia au zimekuumiza?

Mkimbia Alfajiri (mleta mada): Wakuu, kila Jumamosi nakimbia kilomita 6 na kikundi chetu cha jogging hapa Dar. Mwaka jana magoti yalinisumbua, nikaambiwa tatizo ni kisigino cha raba. Nikapima kwa rula: soli ya nyuma milimita 32, mbele 20. Nikanunua za mtumba zenye soli bapa, nikakimbia umbali uleule siku ileile. Magoti yalitulia kweli. Ila wiki ya pili, nikiamka nashika ukuta kwenda chooni. Ukano wa nyuma ya kisigino umekaza kama waya. Aliyepitia haya aje.

Dada Kariakoo: Mimi zangu zilikuwa zile raba zenye kabari ndani. Kwa nje raba, kwa ndani ni mchuchumio kabisa. Miaka mitatu nasimama nazo dukani kutwa nzima. Vidole vilijazana mbele, kidole gumba kikaanza kulalia wenzake. Nikifika nyumbani nikavaa kandambili, vigimbi vinavuta hadi nakaa chini. Kwangu zimeumiza, sina la kuzisifia.

Chuma Kizito: Gym ni tofauti. Vifundo vya miguu yangu ni vigumu, havipindi vizuri. Nikichuchumaa na chuma begani bila kisigino, nainama mbele na mgongo unaumia. Viatu vya kunyanyulia, vyenye kisigino kigumu, vimenisaidia sana. Kukimbia navyo, hapana.

Mtoto wa Iten: Nimesoma shule ya msingi nikienda miguu mitupu. Watu humtaja Abebe Bikila, mkimbiaji wa Ethiopia, kushinda marathoni ya Olimpiki Roma 1960 bila viatu, wanasahau Tokyo 1964 alishinda tena akiwa amevaa. Mwaka 2010 Daniel Lieberman, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, na wenzake walionyesha kwamba waliozoea kukimbia bila viatu, wakiwemo wa huku Bonde la Ufa, mara nyingi hutua kwa mbele ya unyayo. Neno ni *waliozoea*. Mguu wa mtoto anayekimbilia shule si mguu wa mtu wa ofisini aliyevua viatu jana.

Mtaalamu wa Viungo: Mleta mada, pole. Kisigino kikiwa juu, goti ndilo hubeba zaidi. Ukikishusha, mzigo unahamia kwenye kigimbi na ukano. Wewe uliuhamisha kwa siku moja. Halafu rula ya nje hudanganya, maana mguu umezama ndani ya soli. Rudia raba za zamani kwanza. Simama kwenye ngazi, visigino vikining'inia, panda kwa vidole, shuka taratibu. Maumivu yakizidi au pakivimba, nenda ukaonwe.

Mkimbia Alfajiri: Asante sana mtaalamu. Za bapa nitaanza kwa kutembea nazo hadi sokoni. Dada Kariakoo, hicho kidole kilirudi ulipoziacha?

Dada Kariakoo: Maumivu yamepungua. Kupinda kumebaki.