Mrejesho: Mbwa wangu na nyama mbichi

Wakuu, niliuliza hapa kama nimhamishie mbwa wangu kwenye nyama mbichi, maana alikuwa anajikuna sana na kinyesi chake laini kila mara. Asanteni mlionijibu, hasa aliyesisitiza kwamba nyama tupu haina kalsiamu ya kutosha na kwamba maini yakizidi yanamrundikia vitamini A.

Nilimbadilishia taratibu, nikichanganya na chakula chake cha zamani. Choo kikawa kidogo, kimeshikana, hata harufu ikapungua. Kujikuna ndiyo kwanza kuko palepale. Daktari wa mifugo anashuku viroboto. Mifupa nimeacha kabisa: alipasua jino la nyuma akitafuna mfupa wa paja la ng'ombe, likang'olewa.

Ule ushauri niliopewa hapa wa kugandisha nyama ili kuua salmonela (bakteria wanaoharisha watu), daktari kaukataa. Baridi huua baadhi ya minyoo, bakteria wengi wanabaki hai, na mbwa anaweza kuwatoa kwenye kinyesi bila yeye kuumwa. Nyumbani kuna mtoto anayetambaa, kwa hiyo sasa nachemsha, mchuzi namwagia humohumo, kalsiamu kwa kipimo cha daktari. Choo bado kizuri. Sidhani kama ubichi ndio uliosaidia.