Eti "hapa ni chuo kikuu, siyo gulio"! Yule mzee wa kengele leo kanimaliza

Binti Sumukuvu:
Wakuu salaam, mods naomba uzi huu msiuunganishe na mwingine. Nimetoka ukumbini sasa hivi, hata gauni sijabadili, mikono bado ina chumvi. Simtaji jina, mnamjua, yule wa miwani ya kamba shingoni anayekaa meza ya majaji kila mwaka utadhani ameirithi.

Leo ilikuwa zamu yetu mwaka wa mwisho kuwaeleza wananchi tafiti zetu, dakika 3 kila mtu, slaidi moja. Tangazo limebandikwa mpaka kwenye muembe wa getini, elezeni kwa lugha ambayo mtu wa kawaida ataelewa. MTU WA KAWAIDA. Nikaenda sokoni nikamwalika yule mama niliyekuwa nachukua kwake sampuli za mahindi, akafunga kibanda siku nzima, akaja na kanga mpya ina mikunjo ya dukani, akakaa mstari wa pili.

Utafiti wangu ni wa sumukuvu, sumu ya kuvu wa mahindi na karanga, ile iliyoua watu karibu 20 huko Dodoma na Manyara mwaka 2016, na haitoki hata usonge ugali mpaka mwiko ukatike. Nimekuja na chupa 2 za kioo za tomato, moja mahindi makavu moja mabichi, zote nimetia chumvi kavu nikatingisha kabla ya kupanda jukwaani. Naanza na ile ya mabichi, chumvi imeganda kioo kizima, nyeupe kama ukungu wa asubuhi, nainyanyua nasema "ukiona hivi mama bado yana unyevu, kuvu ataota, usiweke ghalani, rudisha juani". Yule mama kanyoosha shingo, kaona, kaitikia kwa kichwa. KAELEWA. Ndiyo hapo kengele. Ngriiii! Nina dakika moja na nusu tu! Mzee kavua miwani, "Binti, hapa ni chuo kikuu, siyo gulio. Kiingereza au keti."

Siyo gulio! Ukumbi ukacheka mpaka madirisha yakatikisika. Chupa ya pili, ya makavu, sikuionyesha kabisa, niliteremka nayo. Halafu yeye akachukua maiki akaongelea umuhimu wa kutunza muda mpaka watoto waliokuja na mama zao wakaota ndevu.

Siyo gulio. Sasa mahindi yanauzwa wapi, benki? Huo ugali anaokula kwake unaletwa na mtume?

Na nje yule mama kanishika mkono ananiuliza, "Mwanangu, ni mimi nimekukosesha?" Jamani. Siyo gulio. Leo silali.

Kisoda:
Namjua namjua namjua. Mwaka wetu jamaa kapanda kueleza mambo ya taka za sokoni, mzee kamuuliza "nadharia iko wapi" hata jina hajataja. Ile kengele aje azikwe nayo.

Mzee wa Kanuni:
Tulieni kwanza. Haya mashindano ya dakika 3 yalianzia Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, mwaka 2008. Kulikuwa na ukame, watu wanapimia muda wa kuoga kwa visaa vya mchanga vya dakika 3, ndo wazo likatokea hapo. Yalikuwa ya wanafunzi wa PhD. Na kanuni zake ni slaidi moja isiyocheza, vifaa vya kuonyeshea HAVIRUHUSIWI. Kwa hiyo dada chupa zingekutoa hata bila kengele.

Binti Sumukuvu:
Mkuu tangazo letu liliruhusu vifaa na fomu nilijaza, nikaandika chupa 2. Usiniletee Queensland. Angenitoa kwa chupa ningenyamaza. Kanitoa kwa gulio!

Popo wa Bweni:
Nilikuwepo dada, tuseme ukweli. Ulivyoinua ile chupa kama mkimbiza mwenge nilijua unauza dawa ya kunguni, nishaanza kutafuta buku mfukoni 😂😂

Shangazi wa Maabara:
Cheka tu. Kenya mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, walikufa watu 125 kwa sumu hiyohiyo. Ningekuwa mstari wa pili ningempokonya kengele.

Sura ya Pili:
Mna bahati nyie mmepata hata hiyo dakika moja na nusu. Supavaiza wangu kakalia sura yangu ya pili tangu kabla ya Ramadhani, nikipiga simu yuko kikaoni, hicho kikao wanaandika katiba au? Na stesheneri wanataka elfu 15 kubaindi kitabu kimoja jalada gumu, na zinatakiwa nakala 4.

Popo wa Bweni:
Elfu 15?? Umepigwa mchana kweupe. Ila mie langu ni pilau. Nani aliandika "viburudisho vitakuwepo"? Sahani zote zimepita kwenda meza kuu, sisi tumepewa vichupa vya maji ya moto.

Kisoda:
Niliziona zikipita. Nyama kubwa kubwa.

Mkulima wa Jioni:
Samahani wakuu, nirudi kwenye chupa. Nina magunia 6 sebuleni na mvua ilinikuta. Chumvi ya mawe inafaa? Mie huwa nang'ata punje tu, ikilia ka! naweka.

Binti Sumukuvu:
Meno yanakudanganya kaka. Tumia ya unga na uianike kwanza iwe kavu kabisa. Chupa nayo iwe kavu, tia mahindi kiasi, chumvi vijiko viwili vitatu, funga, tingisha kwa nguvu, acha kama dakika 15. Ikiganda kwenye kioo hayo yana unyevu zaidi ya asilimia 15. Isipoganda nayo usikimbilie, ongeza jua kidogo, ghalani tunataka 13 na kitu. Na anika kwenye turubai, siyo chini kwenye udongo, kuvu anatoka hukohuko.

Mkulima wa Jioni:
Asante dada. Turubai siku hizi shilingi ngapi?

Kisoda:
Ninalo la mkono wa pili, halina tundu. Njoo PM.

Popo wa Bweni:
Tia picha.