Bega la barabara si la kuuzwa: hii njia ya tozo ya I-70 inatuumiza sisi tunaopanda mlimani kutafuta riziki

Wakuu, salaam. Hili jambo limenikaa rohoni tangu msimu wa theluji uliopita. Leo nimeamua kulitoa kwa sababu juzi nilisoma mdau mmoja akisifia kwamba Colorado wana akili sana, saa za foleni wanageuza bega la barabara (ile sehemu ya pembeni ya kusimama ukiharibikiwa) kuwa njia ya kulipia, na sisi tuige hiyo kitu Morogoro Road. Mkuu, nakuheshimu, ila wewe umeisoma na mimi naipita kila wiki. Naomba unisikilize mpaka mwisho.

Kwa asiyeijua: I-70 ni barabara kuu ya huku Marekani, kwenye jimbo la Colorado inatoka mji wa Denver inaelekea magharibi, inapanda Milima ya Rocky. Ikiingia bonde la Clear Creek, pale Idaho Springs, inabanwa. Njia mbili za kwenda, mbili za kurudi, huku mwamba, huku mto. Majira ya baridi nusu ya Denver inapanda kuteleza kwenye theluji Jumamosi asubuhi, na Jumapili alasiri wote wanateremka kwa mkupuo. Sisi tunaosafisha vyumba na kuosha vyombo kwenye hoteli za huko juu tunateremka nao humo humo.

Desemba 2015 wakafungua njia ya tozo upande wa kurudi Denver, kama maili 13 hivi, yaani kilomita 21, kuanzia makutano ya Empire. Mwaka 2021 wakafungua na ya kupandia. Usifikiri ni barabara mpya. Ni bega lile lile la kushoto, limekarabatiwa, likawekewa kamera na mabango ya umeme. Siku za kawaida bango linaonyesha X nyekundu, maana yake bega limefungwa, usiingie. Foleni ikikolea, X inazimwa, inawaka bei. Foleni ikizidi kukaza, bei inapanda. Mwenye kifaa cha tozo kwenye kioo cha mbele anakatwa humo humo, asiye nacho wanapiga picha namba ya gari na anatumiwa bili nyumbani, na hiyo inakuwa kubwa zaidi.

Kule Dar hii kitu tunaiita kutanua. Dereva mwenye haraka zake anaiacha foleni, anapita pembeni kwenye bega, watu wanamlaani, na trafiki akimkuta anamwandikia. Tunamlaani kwa sababu sote tunajua lile bega si lake. Ni la aliyepasukiwa tairi, la gari la wagonjwa. Sasa hapa wamechukua kosa la kutanua wakaliwekea bei, na kuanzia hapo si kosa tena. Aliye na pesa anatanua kihalali. Asiye nazo anakaa kwenye foleni akimwangalia.

Niwaeleze yaliyonikuta, na sitamtaja mtu wala kampuni.

Ilikuwa Jumapili, mwezi wa pili, saa kumi jioni. Tulikuwa watano kwenye gari langu, wote tumetoka zamu. Kiti cha mbele alikaa mama mmoja wa Bukavu, mtu mzima, magoti yanamsumbua. Foleni ilianza kabla ya Empire. Tukajikokota, tukapita Dumont, mimi niko njia ya kushoto katika zile mbili za kawaida, yaani kushoto kwangu ni bega lililogeuzwa njia ya tozo. Bango lilikuwa linasoma dola 9. Ghafla nikasikia harufu tamu tamu ya maji ya rejeta, nikatazama mshale wa joto, umeshalala upande wa nyekundu. Mpira wa rejeta ulikuwa umepasuka. Mvuke ukaanza kutoka chini ya boneti.

Siku nyingine yoyote ningekata usukani kushoto, sekunde tatu niko begani, nazima injini. Siku ile begani kulikuwa na magari yanayokwenda maili 50 kwa saa, yanapita sentimita chache kutoka kwenye kioo changu cha pembeni, na upepo wao unalitikisa gari. Ile njia ni nyembamba, futi 11. Kati yangu na wao ni mstari mweupe wa rangi tu.

Halafu kuna hili, ambalo mpaka leo linanitia hasira kuliko yote. Tangu 2023 kamera za pale zinamnasa anayevuka ule mstari pasiporuhusiwa, na faini ni dola 75, ukichelewa kulipa inakuwa 150. Injini inachemka, nimebeba roho za watu wanne, na kitu kimoja kinachozunguka kichwani mwangu ni dola 75! Sikuivuka ile mistari. Nilichagua kuiua injini kuliko kukimbilia bega. Nimejiuliza mara nyingi ni barabara ya aina gani inayomfundisha dereva aliyeharibikiwa kuliogopa bega.

Aliyetuokoa ni dereva wa lori nyuma yetu. Aliona moshi, akawasha taa za dharura, akalilaza lori lake kidogo kulia akazuia njia ile ya pili, akanipungia mkono nipite. Nikavuka kwenda bega la kulia, ambalo sehemu ile ni jembamba, matairi yangu yaligusana na ukingo wa chuma. Milango ya kulia haikufunguka. Yule mama ikabidi apande juu ya gia, avuke kiti changu, atokee mlango wa upande wa magari, huku nimemshika mkono. Akaniambia, "Tulia, papa, Mungu iko." Tukasimama nyuma ya ukingo wa chuma, upepo wa bonde unakata, tukaweka kiakisi cha pembetatu, tukasubiri gari la kuvuta saa mbili nzima. Muda wote ule njia ya tozo ilikuwa inatiririka mbele yetu. Niliyahesabu magari kwa macho mpaka nikachoka: dereva peke yake, dereva peke yake, wawili, dereva peke yake.

Najua utetezi wao. Watasema njia ile imepunguza muda wa safari hata kwa wasiolipa. Sikatai kwamba magari yakigawanywa njia tatu yanakwenda kuliko yakibanana njia mbili, hilo hata mtoto analijua. Watasema bila bei kila mtu ataingia na itajaa kama zile nyingine. Hilo nalo ni kweli. Lakini kutoka hapo kuna swali wanaliruka. Kama nafasi ile ni ndogo na haitutoshi sote, apewe nani? Wao wamejibu: mwenye pesa. Na wamejibu bila hata kuhesabu vichwa ndani ya gari, kwa sababu kwenye njia ile ya mlimani watano kwenye gari moja wanalipa sawa sawa na mtu mmoja. Sisi watano tulikuwa tumeshapunguza magari manne barabarani siku ile. Thawabu yetu ilikuwa nini?

Na basi je? Hapa ndipo utaona mambo yamepinduka. Njia ile hairuhusu gari lenye urefu unaozidi futi 25. Bustang, basi la jimbo linalobeba abiria hamsini kutoka mlimani, haliwezi kuingia. Basi zima la watu linakaa kwenye foleni, gari la mtu mmoja linalipita. Mwaka 2022 wakaanzisha vigari vidogo vya abiria wachache, vinaitwa Pegasus, na sababu moja kubwa ni kwamba vinaenea kwenye lile bega. Yaani badala ya bega kulifuata basi, basi ndilo lilikatwa liwe dogo lilifuate bega. Vinasaidia, nimevipanda, sina ugomvi navyo. Ila mpangilio wenyewe ndio unakuonyesha nani aliwazwa kwanza.

Mimi kabla ya Colorado niliishi Minneapolis miaka minne, kwa hiyo msiniambie haiwezekani vingine. Kule mabasi yanapita kwenye mabega ya barabara kuu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nilikuwa napanda basi la asubuhi kwenda kazini, foleni ikisimama dereva anatoka taratibu kuingia begani. Haruhusiwi kuzidi maili 35 kwa saa, wala mwendo wake kuwazidi walio kwenye foleni kwa zaidi ya maili 15 kwa saa. Na siku moja tulikuta gari limeharibika, limesimama pale begani, mwenyewe anabadilisha tairi. Dereva wetu akawasha indiketa, akarudi kwenye foleni, akampita yule mtu kwa mbali, kisha akaingia tena begani. Hakuna aliyelalamika ndani ya basi. Aliyeharibikiwa alibaki kuwa mwenye bega, basi lilikuwa mgeni wake.

Kule kule Minneapolis, mwaka 2009, walifungua kipande cha barabara kuu ya I-35W ambacho nacho kilikuwa bega la kushoto la kulipia saa za foleni. Lakini basi lilipita bure, na gari lenye watu wawili na zaidi lilipita bure. Sikubaliani hata na hicho moja kwa moja, ila angalau kuna mtu alikaa akamfikiria abiria.

Na wanaosema hatari ninaikuza, watazame Uingereza. Kule hakukuwa na tozo, nia ilikuwa kupunguza foleni tu. Walianza na barabara kuu ya M42 mwaka 2006, bega linafunguliwa saa za foleni. Baadaye wakaendelea mpaka barabara nyingine zikakosa bega kabisa. Mwaka 2019, kwenye barabara kuu ya M1 karibu na Sheffield, watu wawili waligongana kidogo tu, wakasimama kupeana taarifa zao, pa kukimbilia hapakuwepo, lori likawaua wote wawili. Aliyechunguza vifo vile alisema wazi kwamba kukosekana kwa bega kulichangia. Aprili 2023 serikali ikatangaza haitajenga nyingine mpya za aina hiyo.

Huku kwetu Colorado mwendo ni ule ule. Pale Floyd Hill, kwenye I-70 hiyo hiyo, wanapanua barabara kwa fedha nyingi mno, njia ya tatu ya kupanda inaongezwa, na hiyo njia mpya nayo ni ya tozo. Njia za bure zinabaki mbili.

Sasa nirudi kwako, mkuu wa kuiga. Bega la Morogoro Road unalijua. Asubuhi pale wanapita wanafunzi kwa miguu, bodaboda, mtu wa mkokoteni wa maji, mama amebeba beseni la maandazi, daladala linashusha. Ukiweka bango la bei pale, hao wote unawapeleka wapi? Mtaroni? Na tayari tuna mfano wetu wa nyumbani: tangu 2016 barabara hiyo hiyo kutoka Kimara imetengewa njia ya mwendokasi. Mabasi hayatoshi, watu wanabanana, najua, nimesimama kituoni Ubungo nikiwa likizo nikaona. Lakini pale walipoulizwa nafasi apewe nani, jibu lilikuwa basi. Hilo jibu ndilo la kutengeneza, msilibadilishe na bango la bei.

Ninachotaka mimi kwenye I-70 si kikubwa. Waongeze sehemu za kuegesha za dharura kwenye kile kipande ili mtu asitambae maili nzima na injini inayowaka. Watangaze kwa maandishi makubwa, kwenye mabango yale yale ya bei, kwamba aliyeharibikiwa akivuka mstari hatozwi faini. Gari lenye watu watatu na kuendelea lipite bure. Na basi kubwa litafutiwe namna, hata kama ni kupanua zile sehemu nyembamba kwa hela ya tozo wanazokusanya.

NYONGEZA: Naona mdau ameuliza kwa nini sikulipa dola 9 nikapita mapema kabla gari halijachemka. Mkuu, dola 9 kila Jumapili ya msimu mzima, piga hesabu. Na hata ningelipa, mpira ungepasuka nikiwa ndani ya ile njia, kushoto kwangu ukuta, nyuma yangu magari ya maili 50.

Madereva wenzangu wa Denver na Aurora, na wale wa malori mnaopita pale: kama umewahi kuharibikiwa kati ya Empire na Idaho Springs njia ya tozo ikiwa imefunguliwa, andika hapa chini. Weka namba ya nguzo ya maili kama unaikumbuka, siku, saa, na ulisimama upande gani. Nazikusanya zote nizichape niwapelekee wahusika kwa mkono wangu. Ya kwangu ni mbele kidogo ya Dumont, Jumapili, saa kumi jioni, upande wa kulia.