UART, SWD au JTAG: niweke ipi kwenye bodi ya pampu?

Ngamiani Barabara ya 12
Wakuu, habari za jioni. Natengeneza bodi 20 za kudhibiti pampu za maji kwa wakulima wa Muheza, chipu inayoendesha bodi (kompyuta ndogo) ni STM32F103. Mpaka leo napakia programu kwa UART (njia ya kawaida ya kutuma na kupokea data): napandisha BOOT0 (mguu unaoiambia chipu ipokee programu mpya), nabonyeza riseti, napakia, nashusha BOOT0. Sasa nachora toleo jipya na nafasi ni finyu. Nibaki na UART, niongeze SWD (nyaya mbili za kuchungulia chipu ndani inapofanya kazi), au niweke JTAG kamili (kazi hiyo hiyo kwa nyaya nyingi zaidi)?

Kinachoninyima usingizi: bodi moja inaganda kila baada ya siku mbili tatu. Nikiongeza mistari ya kutuma ujumbe kwa UART ili nione inafia wapi, haigandi tena.

Fundi wa Chumbageni
Ndugu yangu, jibu umeshalitoa mwenyewe. Kutuma ujumbe kunaichelewesha programu, na kule kuchelewa ndiko kunakoficha kosa. Halafu UART inakwambia yale tu uliyokumbuka kuiuliza. Kwa SWD unaisimamisha chipu palepale ilipo, unasoma rejista (vihifadhi vidogo vya ndani ya chipu) na kumbukumbu, na programu yako hujaigusa.

Mwaka jana kidhibiti changu cha jokofu la samaki kiliganda vivyo hivyo. Wiki mbili nabahatisha. Siku hiyo sikukizima. Nikachomeka ST-Link (kifaa cha kuunganisha kompyuta na chipu kwa SWD), nikaingia kwa OpenOCD, programu ya kompyuta ya kazi hiyo, bila kuruhusu riseti, nikasimamisha. Programu ilikuwa imenasa kwenye kitanzi kifupi, inasubiri kipima joto kijibu kwenye I2C (nyaya mbili za kuongea na vipimo). Nikaweka mita kwenye SDA, waya wake wa data: karibu sifuri. Kipima joto kiliushikilia waya chini, na mimi sikuweka ukomo wa kusubiri. Dakika kumi tu, kosa nikalijua.

Waya za SWD ni SWDIO (mguu wa PA13), SWCLK (mguu wa PA14) na ardhi. Uziweke fupi. Ukiona mawasiliano yanakatika, shusha kasi, kwa mfano kutoka 4 MHz hadi 480 kHz.

Binti Raskazone
Naunga mkono SWD, ila JTAG nayo ina kazi yake jamani. Kiwango chake, IEEE 1149.1, kilitoka mwaka 1990 kwa ajili ya kupima bodi: unasukuma ishara kwenye mguu wa chipu hii na kuisoma kwenye chipu ya pili, unajua lehemu imeshika au haikushika. Kwa chipu ambazo miguu imejificha tumboni, huwezi kupeleka ncha ya mita kule. Tena chipu kadhaa zinafungwa kwenye mnyororo mmoja.

Kaka, wewe una chipu moja yenye miguu inayoonekana. JTAG itakula miguu ya PA13, PA14, PA15, PB3 na PB4. SWD inakuachia hizo tatu za mwisho uzitumie kwa relei (swichi ya kuwasha pampu), ila kumbuka kuzifungua kwenye programu, maana chipu inapowaka zinakuwa bado za JTAG.

Pongwe Stesheni
Weka na waya wa riseti! Niliwahi kuipa PA13 kazi ya kuwasha taa. Programu ikianza tu, SWD inakufa. Kilichoniokoa ni kuunganisha huku riseti imeshikiliwa chini, chipu inanaswa kabla haijatekeleza hata mstari mmoja. Na ST-Link za bei nafuu hazifanani mpangilio wa pini. Soma maandishi ya kwenye ganda lake, usifuate picha ya mtu.

Mzee wa Mota
Mwanangu, pampu uiondoe kwanza. Ukiisimamisha chipu, relei inabaki ilivyokuwa. Kama ilikuwa imewaka, mota itaendelea kuvuta hata kisima kikikauka, na programu ya kuizima imelala. Weka balbu mahali pa mota.

Ngamiani Barabara ya 12
Shikamoo mzee, hilo la relei sikuwa nimelifikiria kabisa. Balbu nimeshaifunga.

Toleo jipya litakuwa na vidoti vitano vya shaba pembeni: 3.3 V, SWDIO, SWCLK, riseti, ardhi. UART naiacha, vijana wa shambani wameshaizoea kwa kupakia. Bodi yenye ugonjwa haina vidoti, kwa hiyo nimelehemu nyaya nyembamba moja kwa moja kwenye mguu wa 34 (SWDIO) na wa 37 (SWCLK) wa chipu, nikazibana kwa gundi. Ule ujumbe wote wa UART nimeufuta. Imewaka tangu saa mbili usiku, nasubiri igande.