Yadi ya mabasi ya shule: Goba mtaani, bondeni au Kibamba? Naomba ushauri kabla ya kikao cha Jumamosi

Mama Ilham
Wakuu, habari za jioni. Shule wanayosoma wanangu imepewa notisi ya kuondoa mabasi pale yanapolala sasa hivi. Eneo limeuzwa na mwenye nalo mpya anataka kujenga. Mimi ni mjumbe wa kamati ya wazazi na wakati huohuo ni mkazi wa Goba, hapa Dar, kwa hiyo jambo hili linanigusa pande zote.

Kuna sehemu tatu. Ya kwanza ni kiwanja kilicho wazi katikati ya mtaa wetu, karibu kabisa na shule. Ya pili iko bondeni, jirani na mto, na kodi yake ni nafuu sana. Ya tatu iko Kibamba, eneo kubwa, uzio upo tayari, ila ni mbali. Majirani zangu hawataki hata kuisikia hiyo ya kwanza. Wazazi wenzangu wengi wanaitaka hiyohiyo. Kikao cha mtaa ni Jumamosi. Ninyi mngechagua ipi?

Ramani Mkononi
Mleta mada, umeacha yale yanayoamua. Mabasi ni mangapi? Ni Coaster au makubwa? Yatalala tu, au yataoshwa na kutengenezwa hapohapo? Njia ya kuingilia ina upana gani? Na hati ya hicho kiwanja cha Goba inasema ni cha matumizi gani? Bila hayo tunapiga ramli.

Dereva Mkongwe
Hata bila hayo mimi nasema Goba. Nimeendesha basi la shule kwa miaka. Mtoto wa kwanza unamchukua saa 11 alfajiri, ukichelewa kidogo tu umekutana na foleni na shule inaanza watoto wako bado barabarani. Ukiniwekea gari Kibamba, saa 9 usiku niko macho natafuta bodaboda ya kunifikisha yadi. Jioni nikishamaliza kushusha watoto naanza tena safari ya kulipeleka gari Kibamba, ndipo nirudi kwangu. Dereva anayelala kwa saa nne tu kila siku ndiye mnamkabidhi watoto wadogo? Mzazi yeyote anayefikiria usalama hawezi kuchagua Kibamba.

Kwetu Kibamba
Dereva, nakuelewa, lakini naomba watu waache kuisema Kibamba kama pori. Huku kuna familia na watoto wenye mapafu kama ya watoto wa Goba. Kisichotakiwa kule ndani kinasukumwa upande wetu wa barabara ya Morogoro. Stendi ya mikoani ilitoka Ubungo ikaja Mbezi Luis mwaka 2021. Biashara ilikuja, sikatai, na foleni ikaja nayo. Hapo kwenye hilo eneo lenye uzio, ukuta wa nyuma unapakana na nyumba za watu. Wamewauliza?

Mama Ilham
Samahani, nilikuwa barabarani. Mabasi ni 14: Coaster 10, Rosa tatu na Tata moja kubwa. Njia ya kuingia kiwanja cha Goba, magari mawili madogo yanapishana kwa shida. Hati sijaiona. Kuhusu gereji, uongozi umesema ni matengenezo madogo madogo tu. Kibamba sijui kama wamewauliza, nitafuatilia.

Fundi Dizeli
Dada, hayo "matengenezo madogo madogo" ndiyo ya kuogopa kuliko yote. Mimi hii ni kazi yangu. Kwenye basi, matengenezo madogo ni kumwaga oili, kubadili filta, kupiga grisi, kukaza breki, na mara mojamoja kuchomelea bodi. Coaster yenye injini ya 1HZ inabeba karibu lita 10 za oili. Coaster zako 10 zikimwaga mara moja tu, ni karibu lita 100 za oili chafu, hujagusa Rosa wala Tata. Inakwenda wapi? Mafundi wenzangu wengi wanaiacha iingie kwenye mchanga, nyingine wanawauzia watu wa kupaka mbao zisiliwe na mchwa. Na Goba ninayoijua mimi nusu ya nyumba zinategemea visima.

Kwa hiyo kwangu swali la sehemu linakuja baadaye. Kulaza magari ni kitu kimoja, gereji ni kitu kingine. Mimi ningekubali Goba kwa kulaza tu, na kazi zote za spana ziende gereji yenye sakafu ya zege na shimo la kukusanyia oili.

Dada wa Tabata
Fundi umesema vizuri, ila hata huko kulaza tu msikuchukulie poa. Niwasimulie yaliyotupata, maana nikisoma huu uzi moyo unaniuma.

Tulikuwa tumejenga Tabata, nyumba yetu wenyewe. Nyuma yetu palikuwa na kiwanja cha mtu kilichojaa minazi. Siku moja minazi ikakatwa, kikamwagwa kifusi, tukasikia ni maegesho ya mabasi ya shule. Mwenyewe alikuja nyumba kwa nyumba na maneno mazuri: magari yatalala tu, kutakuwa na mlinzi, hata wizi mtaani utapungua. Tukakubali. Tulisaini karatasi, hatukuisoma vizuri.

Miezi ya mwanzo ilikuwa sawa. Yalikuwa magari machache. Kisha yakaongezeka, hakuna aliyetuuliza. Saa 10 alfajiri linawashwa la kwanza, kisha la pili, yanaachwa yananguruma huku madereva wanakunywa chai getini. La ndani likitaka kutoka lazima la nje lirudi nyuma, basi ni ile pii, pii, pii ya rivasi na konda anapiga bodi kwa kiganja: njoo, njoo, njoo, weka! Mwanangu wa pili ana pumu. Tulihamisha kitanda chake chumba cha mbele, tukaziba madirisha ya nyuma kwa nailoni, na Dar hii joto lake mnalijua.

Kitu kilichonivunja moyo ni mashati. Nilikuwa nafua mashati meupe ya shule jioni na kuyaanika uani usiku. Asubuhi ukipitisha kidole kwenye kola unatoka na weusi. Moshi wa dizeli siyo vumbi la kupangusa, ule ni mafuta, ukisugua unajipaka zaidi. Nikajiuliza, kama kola iko hivi, kifua cha mtoto kikoje?

Halafu maji ya kuoshea magari. Yalipita chini ya ukuta yakaingia uchochoroni, yana rangi ya upinde wa mvua, kuku wa jirani wakawa wanayanywa. Tulienda serikali ya mtaa, tukaenda kata, tukaambiwa tuandike barua, tukaandika. Kila ofisi inatuonyesha ile karatasi tuliyosaini. Mwisho tuliipangisha nyumba kwa bei ya kutupa na kuhama. Nyumba tuliyoijenga kwa mikono yetu.

Mama Ilham, chochote mtakachoandika Jumamosi, andikeni idadi ya mabasi, saa ya kuwasha injini, na nini kifanyike wakikiuka. Maneno ya mdomo hayasaidii.

Jirani Mwema
Pole sana dada. Lakini nauliza kwa nia njema, si mngemshitaki? Na mbona madereva wawashe injini muda wote huo?

Dereva Mkongwe
Injini ya dizeli lazima ipate joto. Ukiondoa gari injini ikiwa bado baridi unaiua, na tajiri akikuta imekufa anakata mshahara wako.

Fundi Dizeli
Dereva, kwa heshima zote, hilo ni la zamani. Kwa joto la Dar dakika moja au mbili zinatosha, kisha unaondoka taratibu na injini inapata joto ikiwa njiani. Yenye haki ya kunguruma ni gari la breki za upepo kama hiyo Tata, maana mitungi lazima ijae kwanza, na hata hiyo ni dakika chache kama haivuji. Ikichukua robo saa ujue kuna paipu imechoka. Coaster yako haina breki za upepo. Inanguruma kwa mazoea tu.

Dereva Mkongwe
Wewe unaongea ukiwa gereji. Mimi nimeshikwa na gari lililogoma katikati ya Makongo na watoto 28 ndani, mvua inanyesha. Sitawasha na kuondoka.

Jirani Mwema
Moshi wenyewe tusiuchukulie kama kero tu. Shirika la Afya Duniani, kupitia kitengo chake cha utafiti wa saratani, liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu tangu 2012. Watoto wanaopanda hayo mabasi nao wanauvuta.

Ramani Mkononi
Turudi kwenye sehemu zenyewe, maana Jumamosi inakuja.

Ya bondeni ifuteni leo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Hata ungepata kibali, tazama karakana ya mabasi ya mwendokasi pale Jangwani. Iliwekwa kwenye bonde la Msimbazi, na mafuriko yameifuata mara kwa mara hadi mabasi yakaharibika. Kodi nafuu bondeni unakuja kuilipa masika.

Ya Goba, mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya kubadili matumizi ya kiwanja. Muhtasari wa kikao ni maoni ya wakazi. Anayeamua ni mamlaka ya upangaji, yaani manispaa ya Ubungo, chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Kama hati inasema makazi, na mabasi 14 yakaingia bila mabadiliko ya matumizi, jirani yeyote anaweza kulalamika na ana haki. Ombeni kuiona hati. Msikubali "ipo ofisini".

Mbongo Maryland
Nichangie kutoka huku. Naishi Montgomery County, jimbo la Maryland, Marekani, na ugomvi huu tumeushuhudia. Yadi kubwa ya mabasi ya shule ilikuwa Shady Grove, karibu na stesheni ya treni. Wakubwa wakataka ihame ili pajengwe nyumba. Kila sehemu mbadala iliyotajwa, wakazi wake walipinga. Mojawapo ilikuwa Rockville, kwenye majengo yaliyokuwa shule ya sekondari ya watu weusi enzi za ubaguzi, jirani na mtaa wa Lincoln Park. Watu wa pale waliuliza swali lilelile la ndugu yetu wa Kibamba: kwa nini kila mara ni sisi? Mvutano ulichukua miaka. Mwaka 2021 mfumo wa shule ukaingia mkataba wa mabasi 326 ya umeme. Basi la umeme halingurumi alfajiri wala halitoi moshi, kwa hiyo nusu ya ugomvi inaisha.

Kwetu Kibamba
Umeme upi ndugu yangu? Huku ukikatika jioni hadi kesho, watoto watakwenda shule kwa miguu?

Msafiri wa Nairobi
Hapa Nairobi mabasi ya umeme ya BasiGo yamekuwa barabarani tangu 2022, kwa hivyo si ndoto. Lakini hayo ni ya abiria, shule nyingi bado ni dizeli. Swali langu ni jingine. Huku kwetu basi la shule mara nyingi hulala ndani ya shule yenyewe. Kwa nini hilo halimo kwenye orodha yenu?

Jirani Mwema
Na mimi nauliza, kwa nini mtoto wa darasa la kwanza akae kwenye basi saa nzima na nusu wakati kuna shule karibu na kwao? Tangu 2023 bweni lilipozuiwa kwa watoto wa darasa la nne kushuka chini, naona mabasi ya njano yameongezeka kila kona. Zuio lile naliunga mkono kabisa, mtoto mdogo alelewe nyumbani. Lakini tumehamisha usingizi wao kutoka bwenini kwenda kwenye siti ya basi.

Dada wa Tabata
Hapo umegusa penyewe. Mdogo wangu anamwamsha mtoto wa miaka mitano saa 10 na nusu alfajiri. Anamvalisha akiwa amelala.

Dereva Mkongwe
Wazazi ndio mnaochagua shule ya mbali kwa sababu ya majina. Dereva anafuata ruti aliyopewa.

Jirani Mwema
Siyo majina tu, mkuu. Shule ya karibu na kwangu darasa moja lina watoto zaidi ya 100. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Mama Ilham
Wapendwa, nimerudi. Kikao kilikuwepo ila akidi haikutimia, kimeahirishwa. Hati nimeiona kwa macho yangu: kiwanja cha Goba ni cha makazi. Uongozi wa shule umesema utaanza kuomba mabadiliko ya matumizi, ila wanataka mabasi yaingie huku maombi yakiendelea. Nimekataa hilo mbele ya watu na baadhi ya wazazi wamekasirika nami.

Ushauri wa Msafiri nimeupeleka. Wamejibu kwamba ndani ya shule nafasi iliyopo ni uwanja wa mpira. Kuna mzazi amesema wachukue nusu.

Fundi Dizeli
Uongo huo. Coaster tu ina urefu wa karibu mita 7. Ukiyapanga 14 na kuacha nafasi ya kugeuza, hiyo nusu haitabaki nusu, na Tata itachimba mitaro kwenye majani mvua ya kwanza ikinyesha. Watoto watachezea wapi?

Ramani Mkononi
Umefanya vizuri kukataa. Wakishaingia hawatoki. Waulize kama wamefikiria kuyagawa: machache yalale shuleni kwenye kokoto siyo kwenye majani, mengine yalale kwenye sheli zenye eneo kubwa karibu na ruti zinapoanzia. Watalipa kodi kidogo kila mahali, na hakuna mtaa utakaobeba 14.

Dereva Mkongwe
Hilo la sheli naliunga mkono. Mimi ningelala karibu na gari langu. Ila nani atalipa walinzi sehemu nne? Betri na tairi la akiba vinaibwa usiku mmoja.

Kwetu Kibamba
Samahani jamani, mimi sijajibiwa. Kibamba imefutwa au bado ipo? Leo asubuhi nimeona lori linamwaga kokoto ndani ya ule uzio.