Faida ya Mithali na faida ya Mhubiri: je, ni neno moja kwa Kiebrania?

Mama Karanga wa Maweni, Malindi

Ndugu zangu, naomba msaada wenu. Sisi ni akina mama karanga, tunaonunua samaki kwa wavuvi na kuwauza jioni wakiwa wamekaangwa, na katika kikundi chetu cha kusoma Biblia kumezuka mjadala usiokwisha. Dada mmoja alitusomea Mithali 15:27, kwamba atamaniye faida huifadhaisha nyumba yake, kisha akafungua Mhubiri 1:3, panapoulizwa mtu ana faida gani kwa kazi yake yote chini ya jua, akahitimisha kwamba Maandiko yanaikataa faida ya biashara. Tangu hapo baadhi ya wenzetu huona haya kupandisha bei hata mafuta ya kupikia yanapopanda. Je, faida ya aya hizo mbili ni neno moja?

Msomaji wa Gede

Dada yangu, ni maneno mawili tofauti. La Mhubiri ni *yitron*, ambalo katika Biblia nzima ya Kiebrania halionekani ila katika kitabu hicho, mara 10. Mzizi wake ni kusalia au kuzidi: ukishamlipa mvuvi, ukalipia kuni na mafuta, zile shilingi zilizobaki ndizo *yitron* yako. Mhubiri haulizi kama ni halali kuwa nazo. Anauliza kitakachosalia mtu akishakufa, na ndiyo maana katika 5:15-16 anamtazama aliyezaliwa uchi na atakayeondoka vivyo hivyo. Tena anakiri kwamba *yitron* ipo, kwa kuwa katika 2:13 hekima inaupita upumbavu kama nuru inavyolipita giza. Nakipenda kitabu hiki, na inaniuma kikifanywa adui wa watu wanaofanya kazi.

Mithali 15:27 ina *betsa*, neno la mzizi wa kukata, ule ule ambao Isaya 38:12 inautumia kwa nguo inayokatwa katika kitanda cha mfumi. Mara nyingi ni pato lililomegwa kwa dhuluma. Hilo ndilo Yethro alilotaka waamuzi wa Musa walichukie (Kutoka 18:21), na ndilo lililowapotosha wana wa Samweli (1 Samweli 8:3). Sehemu ya pili ya mithali hiyo inamsifu achukiaye zawadi, yaani hongo, kwa hiyo mlengwa anajulikana. Someni pia Mithali 31:18, ambapo mke mwema anaona kuwa biashara yake ina faida, na hakuna anayemlaumu.

Mzee wa Langoni, Lamu

Nakubaliana na ndugu wa Gede, ila *betsa* isifungwe katika dhuluma peke yake. Katika Mwanzo 37:26 Yuda anawauliza nduguze kuna *betsa* gani wakimwua Yusufu, na mwenye Zaburi 30:9 anamwuliza Mungu kuna *betsa* gani katika damu yake. Hapo ni faida tu, na ni maneno yanayoizunguka yanayoamua.

Mimi ni Mwislamu niliyevutwa kwenye Kiebrania na udugu wake na Kiarabu, na naona neno la kuogopwa sokoni ni jingine kabisa. Walawi 25:36 inakataza *neshek*, lenye mzizi wa kuuma, pamoja na *tarbit*, ambalo mzizi wake wa kuongezeka ni ndugu wa riba. Qur'ani nayo, katika 2:275, inatenganisha biashara iliyohalalishwa na riba iliyoharamishwa.

Mama Karanga wa Maweni, Malindi

Shikamoo mzee wangu. Nimeshukuru, ila sasa nina wasiwasi mwingine, kwani chama chetu hukopesha wanachama kwa nyongeza.

Mzee wa Langoni, Lamu

Marahaba, mwanangu. Walawi 25 na Kutoka 22:25 zinamtaja maskini, kwa hiyo mwenzenu akikopa kwa sababu watoto hawana chakula, arudishe kiasi kile kile alichopewa. Kumbukumbu la Torati 23:19-20 inakwenda mbali zaidi, maana inamkinga kila ndugu, awe maskini au la, na kumwachia mgeni peke yake. Kama fedha ni za mtaji, kwa mfano za kununulia samaki wengi msimu ukiwa mzuri, mimi ningewashauri chama kiingie ubia na mkopaji, mgawane faida, na hasara ikitokea muibebe pamoja.